ThinkPad, EliteBook, Latitude au MacBook: kuchagua mashini ukiwa Lubumbashi

Mwezi wa saba, baridi na vumbi vikiwa vimeushika mji, mama mmoja wa Katuba alifika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Kamalondo pamoja na binti yake anayesoma uuguzi. Alifungua simu akanionyesha picha tatu za mashini, yaani kompyuta za mkononi, alizotumiwa na wauzaji watatu: Lenovo, HP na Dell. Zote zilikuwa za okazyo, yaani zilizokwishatumika, na bei zilipishana kwa dola chache tu. "Papa fundi, uniambie kampuni gani ni nzuri, nikalipe."

Sikuweza kumjibu hivyo. Nilimuuliza kwanza: nyumbani umeme unakaa saa ngapi kwa siku? Mtoto amezoea kibodi gani? Ikiharibika, nani ataifungua? Mama alishangaa, maana alikuja kuuliza jina moja. Lakini majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua mashini, na jina la kampuni hufuata nyuma yake.

Jina la kwenye kifuniko ni jina la ukoo

HP, Dell, Apple na Acer hawaunganishi wenyewe sehemu kubwa ya mashini zao. Kazi hiyo hufanywa na kampuni za Taiwan ambazo jina lao hulioni popote kwenye kifuniko: Quanta, Compal, Wistron, Inventec, Pegatron. Mitambo yao mingi iko China, kwenye miji kama Chongqing na Kunshan. Lenovo hujitengenezea sehemu kubwa zaidi, na ina kiwanda kikubwa Hefei. Prosesa, ubongo wa mashini, inatoka Intel au AMD, na RAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, inatoka Samsung, SK Hynix au Micron. Wapinzani wawili dukani wanaweza kuwa wametoka tumbo moja.

Betri nayo, sisi wa Katanga tunajua inakoanzia. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini kwetu, nyingi Kolwezi na huku Haut-Katanga, na betri nyingi za mashini hizi zina kobalti ndani yake. Malori yanaondoka na magunia kupitia Kasumbalesa, na makontena yenye mashini yanarudi kwa mpaka uleule. Mtu wa mji huu akiuziwa betri iliyokufa kwa bei ya betri nzima, mimi huumia kabisa, na ndiyo sababu nimeamua kuyaandika haya.

Basi kampuni ni ukoo, na ndani ya ukoo mmoja kuna watoto wa aina mbili. Wako waliotengenezwa kwa ajili ya kazi: ThinkPad za Lenovo, EliteBook na ProBook za HP, Latitude za Dell. Na wako waliotengenezwa kwa ajili ya nyumbani, kwa bei ya chini: IdeaPad, Pavilion, Inspiron. ThinkPad na Latitude wanafanana kuliko Latitude anavyofanana na Inspiron, ingawa hao wawili wa mwisho wanaitwa Dell wote.

Tofauti inaonekana kwenye bawaba. Kwenye mashini nyingi za bei nafuu, za kampuni yoyote, bawaba inashikwa na skrubu zinazoingia kwenye vipete vidogo vya shaba ya njano, na vipete hivyo vimezamishwa ndani ya plastiki. Ukifungua skrini kwa kuvuta kona moja, mwaka wa kwanza hakuna kitu. Mwaka wa pili unasikia mlio kama wa bisikoti. Nikifungua nyuma nakuta kipete kimeng'oka na kipande cha plastiki kimekiganda, bawaba inaning'inia. Gundi hushika miezi miwili, mitatu. Kwenye mashini za kazi bawaba mara nyingi inafungwa kwenye fremu ya chuma, na nimeona zenye miaka minane zikifunguka kwa kidole kimoja bila kulalamika.

Vipimo vitano vya kupimia

*Umeme.* Betri hupimwa kwa wati-saa, huandikwa Wh mgongoni mwake. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo utakavyofanya kazi zaidi umeme ukikatika, mradi betri yenyewe bado hai. Kuipima ni rahisi: kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri uandike powercfg /batteryreport. Utapata ukurasa wenye uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo uliobaki leo. Uliobaki ukiwa chini ya nusu, weka bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashini kabla hujaanza kuelewana na muuzaji. Angalia pia kama mashini inapokea chaji kwa tundu la USB-C, kwa sababu hapo unaweza kuazima chaja ya jirani, au kutumia betri kubwa ya sola yenye tundu hilo.

Chaja karibu zote hupokea volti 100 hadi 240, hata iliyotoka Marekani, kwa hiyo unachohitaji ni kichwa cha plagi tu. Soma maandishi ya INPUT mgongoni mwa chaja uhakikishe. Na umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke, kwa sababu unaporudi huwa haujatulia. Chaja nyingi zinazoletwa kwangu zimekufa dakika ile ile mtaa mzima unaposhangilia taa.

*Vipuri na mikono.* Je, RAM na diski zinachomoka, au zimechomelewa kwenye bodi? Betri inafungwa kwa skrubu au kwa gundi? Je, kuna mashini nyingi za aina hiyo mjini, ili mbili zilizokufa zitengeneze moja iliyo hai?

*Kibodi.* Shule zetu ni za Kifaransa na wengi tumejifunzia AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, lakini okazyo nyingi zinatoka Marekani au zimepitia Dubai, na zina QWERTY, mpangilio wa Kiingereza. Kwa kuandika Kiswahili haisumbui, lugha yetu haina alama juu ya herufi. Kwa kuandika memwari, andiko la kumalizia masomo ya chuo, ya kurasa sabini yenye é, è, à na ç, inasumbua kila sentensi. Hata AZERTY zenyewe si moja: kwenye ile ya Ubelgiji alama ya @ iko kwenye kitufe cha 2, kwenye ile ya Ufaransa iko kwenye kitufe cha 0. Stika zinasaidia, lakini zinabanduka, na kibodi ya Kimarekani ina kitufe kimoja pungufu karibu na Shift ya kushoto, ambacho stika haiwezi kukizaa.

*Umri wa prosesa.* Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za Intel Core, huanza rasmi kwenye kizazi cha nane. Kizazi unakisoma baada ya kistari: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Usiridhike na jina la mfano peke yake, maana baadhi ya mashini za 2018 ziliuzwa na prosesa ya kizazi cha saba. Ya kizazi cha sita si takataka, ukiiwekea Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure badala ya Windows, inaandika na kusoma vizuri tu. Lakini ilipiwe bei ya kizazi cha sita.

*Kufuli za mwenyewe wa zamani.* Hapa nina kidonda. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mashini nzuri, safi, bei ya kufurahisha. Kampuni yake sitaitaja, wala muuzaji. Ilifanya kazi wiki mbili. Siku nilipotaka kuisafisha na kuweka Windows upya, skrini ikaniomba nenosiri la BIOS, programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, nenosiri ambalo shirika fulani la mbali liliweka na halikulitoa. Bodi ile bado iko kwenye boksi chini ya meza yangu. Tangu siku hiyo, kabla ya kulipa, nazima na kuwasha tena mbele ya muuzaji nikibonyeza F1 kwenye ThinkPad, F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell. Ikiuliza nenosiri, naifunika na kusema asante.

Lenovo: ThinkPad

*Asili.* ThinkPad ilizaliwa 1992 kwa IBM ya Marekani. Lenovo ilianzishwa Beijing 1984 kwa jina la Legend, na mwaka 2005 ikamaliza kukinunua kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM pamoja na ThinkPad yake. Mnaijua kwa rangi nyeusi na kitone chekundu kilichokaa katikati ya herufi G, H na B.

*Umeme.* Hapa kuna mashini moja ninayoisimulia kila mara, T480 ya 2018. Ina betri mbili. Moja ya 24 Wh imejificha ndani, nyingine inakaa nje upande wa nyuma, ya 24, 48 au 72 Wh. Unaigeuza mashini, unasukuma vifungo viwili, betri ya nje inatoka mkononi, unaweka nyingine iliyojaa, na wakati huo wote mashini haijazima kwa sababu ile ya ndani inaishikilia. Nimemwona mhasibu mmoja anayefanya kazi mgodini akifanya hivyo huku akiongea, bila hata kutazama mikono yake. Ana betri mbili za nje, moja anaiacha ikichaji kazini. Inapokea USB-C pia. Ila mtoto aliyemfuata, T490 ya 2019, hana tena betri ya nje. Na aliyemtangulia, T470, ana betri mbili lakini prosesa zake ni za kizazi cha sita na cha saba.

*Vipuri.* T480 ina nafasi mbili za RAM na diski inayochomoka. Lenovo inaweka wazi kitabu cha ufundi kinachoonyesha kila skrubu. X1 Carbon ni nyembamba na inapendeza, lakini RAM yake imechomelewa: ukinunua ya GB 8 utakufa nayo na GB 8.

*Kibodi.* Nzuri sana kwa mtu wa kuandika sana, na kuibadilisha QWERTY kwa AZERTY ni kazi inayowezekana kwa fundi mvumilivu. Kwenye miundo ya miaka hiyo kitufe cha kona ya chini kushoto ni Fn, na Ctrl inafuata. Utabonyeza vibaya kwa wiki nzima, ingawa BIOS inakuruhusu kuvibadilishana.

*Udhaifu.* Skrini. T480 nyingi ziliuzwa na skrini hafifu, nyingine za 1366 × 768 tu. Ukikaa nje barazani hutaona kitu. Na betri ya 72 Wh inavimba chini ya mashini kama mguu.

*Inamfaa nani.* Mtu anayekaa mbali na umeme kwa saa nyingi, anayeandika sana, asiyejali urembo.

HP: EliteBook na ProBook

*Asili.* Bill Hewlett na Dave Packard walianza 1939 kwenye gereji ya Palo Alto, California, na mtaji wa dola 538. Kampuni ikaungana na Compaq 2002, ikagawanyika 2015. Inayotengeneza mashini zetu inaitwa HP Inc.

*Umeme.* EliteBook 840 G5 ya 2018 ina betri ya ndani ya karibu 50 Wh. Huwezi kuibadilisha njiani, lakini ukifungua kifuniko cha chini inatoka kwa skrubu, si kwa gundi. Inapokea chaja ya ncha ya buluu pamoja na USB-C, na hiyo ni faida kubwa: tundu moja likilegea, la pili linakuokoa.

*Vipuri.* Nafasi mbili za RAM kwenye 840, diski inachomoka, vitabu vya ufundi viko wazi. Jina linasomeka kwa urahisi: G3 ni kizazi cha sita cha Intel, G4 cha saba, G5 na G6 kwa kawaida cha nane. Hakikisha kwenye prosesa yenyewe. Jamaa zake wembamba wanaojikunja, x360 1030 na wenzake, wana RAM iliyochomelewa.

*Kibodi.* Tulivu, ina njia ya kupitisha maji kidogo yakimwagika. Sikisifu kitu hicho kama kinga ya chai yenye sukari, chai nimeishaiona ikishinda.

*Udhaifu.* Baadhi zina skrini ya faragha iitwayo Sure View, iliyotengenezwa ili jirani kwenye ndege asisome barua zako. Sisi huku wanafunzi watatu wanasoma kwenye mashini moja, wawili wakiwa pembeni. Ikiwashwa, wale wa pembeni wataona ukungu. Kabla ya kununua, isogeze upande uitazame kwa pembe.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi au mfanyakazi wa ofisi anayetaka mwili wa aluminiamu unaoonekana vizuri mbele ya watu na chaja mbili tofauti za kutegemea. ProBook ni ya mwenye hela pungufu kidogo, bado ni mtoto wa kazi.

Dell: Latitude

*Asili.* Michael Dell alianza 1984 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na dola 1,000. Alijulikana kwa kumuuzia mteja moja kwa moja bila duka katikati. Kila mashini yake ina Service Tag, namba na herufi saba chini ya tumbo. Ukiiandika kwenye tovuti ya Dell, inakuonyesha mashini ilitoka kiwandani na prosesa gani, RAM kiasi gani, kibodi gani. Muuzaji akikwambia "mpya mpya", hizo herufi saba zitakwambia alizaliwa lini.

*Umeme.* Latitude 7490 ya 2018 inaweza kuwa na betri ya 60 Wh, kubwa kwa mwili wake, na ina USB-C inayopokea chaji. Chaja yake ya duara ina sindano nyembamba katikati, na sindano hiyo ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashini. Ikipinda, au chaja ikiwa ya bandia isiyojua lugha hiyo, mashini inaandika kwamba haiitambui, na mara nyingi inawaka lakini betri haijazi. Kwa Dell, basi, usiokoe dola tano kwenye chaja. Kwa upande mwingine BIOS yake inakuruhusu kuamua betri ianze na kuishia wapi kujaza, kitu kizuri kwa mashini inayokaa ofisini yenye umeme wa uhakika.

*Vipuri.* 7490 na 5490 zina nafasi mbili za RAM. Ndani zimepangwa vizuri na vitabu vya ufundi ni vya bure. Ila majina yake yanapoteza watu. Kwenye 7490, 7 ni daraja, 4 ni inchi 14, 9 ni mwaka wa 2018. Baada ya 9 walirudi kwenye 0: 7400 ni ya 2019, 7410 ya 2020, 7420 ya 2021. Nimeona watu wakilipa zaidi kwa 7490 wakidhani ni mpya kuliko 7400 kwa sababu namba ni kubwa. Mwaka 2025 Dell ilianza kuachana na jina la Latitude kwa mashini mpya, sasa zinaitwa Dell Pro.

*Kibodi.* Ya kawaida, hainisisimui wala hainichukizi.

*Inamfaa nani.* Shule, zahanati au shirika linalotaka mashini kumi za aina moja, zote zijulikane kwa namba zao, na chaja zake halisi zitunzwe.

Apple: MacBook

*Asili.* Apple ilianza California 1976. Kwa mnunuzi wa leo mwaka muhimu ni 2020, mwezi wa kumi na moja, ilipotoa MacBook zenye prosesa yake yenyewe, M1, badala ya Intel.

*Umeme.* Hapa hakuna wa kubishana naye kirahisi. MacBook Air ya M1 ina betri ya 49.9 Wh, ndogo kuliko ya Latitude, lakini inatumia umeme kidogo hadi Apple yenyewe inataja saa 15 za kuperuzi intaneti. Haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi letu jekundu. Chaja yake ni ya wati 30. Kwa nyumba inayoishi kwa sola ndogo, huo ni tofauti ya kufanya kazi usiku na kutofanya.

*Vipuri.* Ni mlango uliofungwa. RAM na diski ziko kwenye bodi moja kwa moja, betri imegundishwa, kibodi imepigiliwa kwenye mwili kwa vipini vidogo visivyohesabika. Bodi ikifa, faili nazo zimekufa, ila kama una nakala kwenye diski ya nje. Nunua diski hiyo siku ileile unayonunua Mac.

*Kibodi.* MacBook nyingi za kati ya 2016 na 2019 zina kibodi nyembamba za aina ya kipepeo, ambazo punje ya vumbi ilitosha kukwamisha herufi. Apple ilifungua mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018. Kwa mji wenye msimu wa vumbi wa miezi mitano, zipishe. Kubadilisha QWERTY kwa AZERTY ni kubadilisha sehemu yote ya juu ya mwili.

*Kufuli.* Mwenyewe wa zamani asipoitoa kwenye akaunti yake, inabaki jiwe. Mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na kuiwasha upya hadi iombe lugha na wi-fi. Ikikuomba akaunti ya mtu mwingine au ikitaja shirika linaloisimamia, iache.

Mac za Intel ni nafuu na zinashawishi, ila Apple imeishatangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ni ya mwisho kwao.

*Inamfaa nani.* Mtu wa picha, video, muziki na maandishi, mwenye hela ya kutosha na nidhamu ya kutunza nakala. Mhasibu aulize kwanza: programu nyingi za uhasibu wa OHADA, kanuni za pamoja za nchi kadhaa za Afrika pamoja na yetu, zimeandikwa kwa Windows, na M1 haiwashi Windows kama zile za Intel zilivyokuwa zikifanya.

Asus na Acer

Zote za Taiwan. Acer ilianza 1976 kwa jina la Multitech, Asus ilianza 1989 na jina lake limekatwa kutoka Pegasus, farasi wa mabawa. Nazipita upesi kwa sababu huku nakutana nazo zaidi zikiwa mpya za dukani, za daraja la nyumbani: Vivobook, Aspire. Kwa umeme ni za wastani, nyingi zina betri ndogo. Kwa vipuri, kila mfano una sehemu zake, na nyingi zina RAM iliyochomelewa nusu au yote. Kibodi za AZERTY mpya zinapatikana. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna mwenyewe wa zamani, kwa hiyo hakuna kufuli wala betri iliyochoka. Anayesoma usanifu majengo au kuhariri video ataangalia Asus TUF na Acer Nitro zenye kadi ya picha. Ajue tu kwamba chaja zake nyingi zinaweza kula wati 150 na zaidi, na jenereta dogo la nyumbani litalia.

Wazee wengi bado wananiuliza Toshiba. Ilikuwa mashini ya heshima, T1100 yake ya 1985 ni miongoni mwa za kwanza za aina hii kupata soko kubwa. Lakini Toshiba iliiuzia Sharp sehemu kubwa ya biashara hiyo 2018, jina likawa Dynabook, na 2020 ikatoka kabisa. Iliyobaki mjini ni ya kizamani, vipuri vyake ni vya kuokoteza.

Kwa hali yako

Ukiwa unakaa Ruashi au Katuba na umeme unakuja usiku tu, tafuta T480 yenye betri ya nje ya 72 Wh, au Air ya M1 ukiimudu. Angalia ripoti ya betri kabla ya rangi.

Ukiwa mwanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wa mwaka wa mwisho na memwari mbele yako, chukua mtoto wa kazi yeyote kati ya wale watatu, kizazi cha nane, RAM GB 8 na SSD, diski ya kasi, ya GB 256, mwenye AZERTY. Kati ya ThinkPad ya QWERTY na EliteBook ya AZERTY zenye hali sawa, nenda na vidole vyako.

Ukiwa unanunulia ofisi, nunua za aina moja zote, na uongeze moja ya kuchinjwa vipuri. Faida ya kufanana ni kubwa kuliko tofauti ya kampuni.

Ukiwa na hela ya kizazi cha sita tu, nunua cha sita kwa bei yake, weka Linux, na utahifadhi na mega za intaneti ambazo Windows ingezila kwa masasisho.

Ukiwa huna fundi unayemwamini karibu, afadhali mpya ya Asus, Acer au HP ya kawaida kutoka duka linalokupa karatasi ya dhamana yenye mhuri, kuliko okazyo nzuri isiyo na mtu nyuma yake. Ifungue skrini kwa katikati, si kwa kona.

Mama wa Katuba nilimwomba turudi pamoja na binti kwa wauzaji wenyewe, tuzishike zote tatu. Binti anakaa karibu na hospitali anakofanya mazoezi, umeme wa huko unaaminika, basi betri haikuwa shida yake. ThinkPad ilikuwa na QWERTY ya Marekani. Dell iliomba nenosiri nilipobonyeza F2. Kwenye EliteBook binti alifungua ukurasa mtupu akaandika jina la baba yake, lenye é mbili, mara tatu mfululizo bila kutazama chini. Mama alitoa hela zilizofungwa kwenye pindo la kitenge, akahesabu, akabakiwa na za kutosha kununua chaja ya pili.